Kunoa cheni ya chenso: tupa mkono mtupu, tupa yenye fremu, mbili kwa moja au grinda ya mezani?

Kama chenso yako inatoa unga laini badala ya maranda, inabidi uikandamize ndo ishuke kwenye gogo, au mkato unaanza vizuri alafu unakwenda upande, cheni imeisha makali na hakuna ujanja mwingine zaidi ya kuinoa. Swali ni unainoaje. Njia ziko kadhaa na kila mtu anaitetea ya kwake kama timu ya mpira, mwenye tupa anasema grinda inaua cheni, mwenye grinda anasema tupa ni kupoteza muda, na anayeanza anabaki kati hajui ashike ipi.

Mi naona wote wanabishania kifaa wakati kinachoamua ni vitu viwili: cheni yako iko kwenye hali gani, na unanoa ukiwa wapi. Ukivijua hivyo viwili kuchagua sio kazi. Ila twende taratibu.

Tunalinganisha nini hasa

Njia ya kwanza ni tupa ya mviringo yenye mpini, basi, pembe unaipima kwa macho na mkono wako. Ya pili ni tupa hiyohiyo lakini imekaa kwenye fremu ya kuiongoza. Hapa ziko aina mbili kubwa, kuna bati lenye mistari ya pembe linalolala juu ya meno, na kuna ile ya roli ambayo Husqvarna wanaiuza sana, unaipachika juu ya cheni na tupa inateleza juu ya roli zake mbili. Jigi (vishikizo vya kuongoza tupa) zinazofungwa kabisa kwenye baa, lile bamba refu la chuma ambalo cheni inalizunguka, kama File-N-Joint ya Granberg, nazihesabu humuhumu ila zenyewe zinabana zaidi, mkono hauna uhuru wa kukosea pembe. Ya tatu ni mbili kwa moja ambayo Stihl na Pferd wanayo, ndani yake kuna tupa mbili za mviringo na moja bapa, kwahiyo ukinoa jino unapunguza na nundu ya mbele yake, kile kinundu kinachopima jino lizame kiasi gani, mpigo huohuo. Ya nne ni grinda ya mezani, ya umeme, cheni inatolewa kwenye baa na kubanwa kwenye kitako chenye vipimo vya pembe.

Vile vijiwe vidogo vya kuzunguka vinavyotumia betri ya volti 12 ya gari nimeviacha nje. Vinafanya kazi, ila jiwe linalika na kadiri linavyolika kipenyo chake kinapungua, sasa unajikuta unanoa na kipimo ambacho sio chako bila kujua.

Kabla ya kuchagua njia, jua kipimo

Hili linahusu njia zote nne kwahiyo nalisema mara moja. Tupa inafuata pichi ya cheni (nusu ya umbali wa riveti tatu zinazofuatana, kwa inchi), haifuati ukubwa wa mashine. Pichi ya 1/4 na ile 3/8 nyembamba ya mashine ndogo mara nyingi zinatumia tupa ya milimita 4.0, ya .325 inatumia 4.8, ya 3/8 kubwa inatumia 5.2 kwa cheni za Stihl na 5.5 kwa nyingi za Oregon, na .404 inatumia 5.5. Namba ya cheni iko kwenye cheni yenyewe. Stihl wanaipiga kwenye nundu, 2 ni .325, 3 ni 3/8, 6 ni ile 3/8 nyembamba, na Oregon wanaigonga kwenye kile kiungo kinachoingia ndani ya baa. Kitabu cha cheni kikisema tofauti na mimi fuata kitabu.

Tupa nyembamba kuliko inavyotakiwa inachimba chini ya jino na kugusa viungo vya chini, tupa nene inaacha makali butu. Ukikosea hapa hata ununue fremu ya namna gani haikusaidii.

Vigezo

Nitaangalia makali ya jino lenyewe, usawa wa meno yote, habari ya nundu, chuma kinachopotea, mahali na muda, alafu mwisho kujifunza na gharama. Makali na nundu nitakaa navyo zaidi mana ndo cheni inapofia, vingine vinaeleweka haraka.

Makali ya jino

Jino lina bapa la juu na ubavu wa nje, na pale vinapokutana ndo kona inayofanya kazi kubwa, ubavu unakata nyuzi za mti, bapa la juu linanyanyua kile kilichokatwa. Ili kona hiyo itoke sawa tupa inatakiwa ilale ndani ya mfereji wa jino huku kama sehemu moja ya tano ya unene wake ikiwa imejitokeza juu ya bapa. Ikizama zaidi ya hapo jino linakuwa na mdomo wa ndoana, litakata kwa fujo dakika chache za mwanzo, litakwamakwama, alafu makali yanakufa mapema. Ikikaa juu zaidi jino linaegemea nyuma na haling'ati, unaona limeng'aa lakini kwenye mti linateleza tu.

Pembe ya bapa la juu kwa cheni nyingi ni digrii 30, zipo zinazotaka 25, na za kupasua mbao kwa urefu wa gogo zinashushwa hadi karibu 10. Cheni nyingi zina mstari mdogo ulionakshiwa nyuma ya bapa la juu unaokuonyesha pembe ya kiwandani, watu wengi hawaujui na uko hapo bure kabisa.

Mkono mtupu unaweza kutoa jino zuri kuliko la dukani, hilo sibishani nalo, fundi aliyezoea anaisikia tupa inavyouma na anajua lini iache. Lakini kimo cha tupa na pembe vyote viko mikononi mwake, siku amechoka vinahama.

Fremu inashika kimo, hiyo ndo faida yake ya kwanza kabla hata ya pembe. Bati likilala juu ya jino tupa haiwezi kuzama kupita kiasi. Pembe bado unaifuata kwa macho kwenye mistari ukiwa na bati, na kwa roli imefungwa zaidi. Mbili kwa moja hivohivo, kimo kimefungwa, pembe unafuata alama za kwenye fremu ukiilinganisha na cheni.

Grinda inatoa pembe ileile jino la kwanza hadi la mwisho, ilimradi jiwe limechongwa duara sahihi na mtu anagusa kidogo kidogo. Jiwe likikandamizwa jino linapata joto, ncha inageuka bluu, na ugumu wa chuma pale umeshaharibika. Jino la namna hiyo ama halishiki makali ama limekuwa gumu hadi tupa inateleza juu yake bila kula, na siku ukiwa porini na tupa yako ndo utalijua hilo. Kwahiyo grinda kwa makali iko vizuri mikononi mwa mtu mvumilivu na mbaya sana mikononi mwa mwenye haraka, tupa kwa mtu mwenye haraka inaharibu kidogo tu.

Kitu kimoja cha njia zote. Nje ya jino kuna utando mwembamba wa kromi, ndo unaobeba makali. Cheni ikigusa mchanga au jiwe utando ule unamomonyoka kwenye kona, na ukinoa juujuu bila kurudi nyuma hadi kromi nzima jino litaonekana kali ila halitadumu. Lisimamishe kwenye mwanga, ukiona kwenye ukingo kuna kimstari kinachong'aa bado ni butu, ukingo mkali haurudishi mwanga.

Usawa wa meno

Cheni ina meno ya kushoto na ya kulia yanayopishana. Muundo huu umetokana na Joseph Buford Cox, Mmarekani aliyekuwa akikata miti, mwaka 1946 aliangalia kiluwiluwi cha mende wa mbao kinavyotafuna kushoto kulia kushoto kulia akaunda cheni ya kuiga taya zake, na mwaka uliofuata akaanzisha kampuni huko Portland, Oregon. Cheni za kabla ya hapo zilikuwa zinakwaruza tu mti na zilitaka kunolewa kila wakati. Sasa ubaya wa kupishana ni kwamba upande mmoja ukiwa mkali au mrefu zaidi cheni inavutwa upande huo na mkato unapinda. Kabla hujalaumu kunoa angalia na kingo za baa kama zimelika sawa, mana nazo zinaleta ugonjwa huohuo.

Hapa mkono mtupu ndo dhaifu kuliko wote. Karibu kila mtu ana upande mmoja anaoupenda, anayetumia mkono wa kulia upande mmoja unamjia wenyewe na mwingine analazimisha, mwisho wa mwezi upande mmoja mfupi na mwingine mrefu. Dawa ipo, unahesabu mipigo, jino lililoumia kuliko yote ndo linakuwa kipimo, unalinoa hadi lirudi, unalipima kwa kalipa alafu yote mengine unayafikisha hapo, lakini inataka nidhamu.

Fremu inapunguza tofauti ya pembe kati ya pande mbili lakini haipimi urefu, urefu bado ni wewe na mipigo yako. Mbili kwa moja vilevile. Watu wanafikiri wakinunua fremu ya roli meno yatalingana yenyewe, hayalingani. Jigi ya kwenye baa ina kikomo kinachozuia jino kwahiyo hiyo inalinganisha urefu kweli, na grinda nayo hivohivo, na hapo grinda inashinda bila ubishi, ukiiweka kwenye jino fupi kuliko yote hadi unamaliza kuzunguka meno yote yako sawa.

Ila tusilikuze sana hili. Tofauti ndogo ya urefu haiui mkato kama kila jino lina nundu yake iliyopunguzwa kwa kimo chake. Tofauti kubwa ndo inafanya cheni itetemeke na kukimbia vibaya.

Nundu

Mbele ya kila jino kuna kinundu cha chuma kinachopima jino lizame kwenye mti kiasi gani kwa kila mpigo. Kwa cheni nyingi tofauti ya kimo kati ya ncha ya jino na nundu inatakiwa iwe kama milimita 0.65, na baadhi ya kubwa 0.75.

Bapa la juu la jino lina mteremko kuelekea nyuma. Kila ukilinoa ncha inarudi nyuma, na ikirudi nyuma inashuka. Nundu yenyewe haijaguswa, iko palepale. Kwahiyo ukinoa wiki baada ya wiki bila kugusa nundu utafika mahali jino ni kali kama wembe na bado chenso inatoa unga, mana nundu inalibeba jino lisifike kwenye mti. Nadhani nusu ya cheni zinazotupwa kwa kuambiwa zimeisha hazijaisha, zinadai tupa bapa tu.

Upande wa pili ni kuishusha kupita kiasi. Hapo jino linazama mno, mashine inarukaruka, klachi inateseka, na hatari ya chenso kuruka nyuma usoni inapanda. Hili sio la kujaribu kwa kukisia.

Sasa njia zetu. Mkono mtupu inabidi ununue na kipimo cha nundu na tupa bapa pembeni, na ukumbuke kuvitumia, ambacho ndo watu hawafanyi. Sio lazima kila ukinoa, wengi wanaangalia baada ya kunoa mara tatu nne. Vipimo vyenyewe viko viwili, kile kirefu kinacholala juu ya meno kadhaa kinafanya kazi vizuri kama meno yamelingana, na kile kinachokaa kwenye jino moja kinapima nundu ya jino hilohilo. Kama unanoa kwa mkono mtupu tafuta hiki cha pili, mana meno yako hayajalingana hata ukijisifu vipi. Baada ya kuishusha zungushia kona ya mbele ya nundu irudi duara kama ilivyokuwa, isiache kona kali.

Fremu ya roli ya Husqvarna mara nyingi inakuja na kipimo hicho humohumo, na kina sehemu mbili, moja ya mti mgumu na moja ya mti laini. Hiyo naipenda. Bati la kawaida halina, unanunua mbali.

Mbili kwa moja hapa ndo kwao. Husahau nundu mana huwezi kusahau, kila mpigo inapunguzwa kiasi kinachoendana na jino. Kwa mtu ambaye anajijua hatashika tupa bapa hata aambiweje, kigezo hiki peke yake kinatosha kumfanya aichague. Lawama yake ni kwamba kimo chake kimepangwa kiwandani, huna uhuru wa kusema leo nakata mti mgumu na mkavu niache nundu juu kidogo. Na kama cheni yako nundu zilikuwa zimeachwa juu kwa muda mrefu mara ya kwanza utapiga mipigo mingi hadi tupa bapa izishushe, watu wanadhani kifaa kibovu, kumbe ni deni la zamani linalipwa.

Grinda inafanya nundu vizuri lakini ni zoezi la pili, unabadilisha jiwe, unabadilisha pembe, unaanza upya. Wengi wakishamaliza meno wanaona inatosha. Ukipeleka cheni kwa fundi mwenye grinda muulize kabisa, umegusa nundu? Mara nyingi jibu ni kucheka.

Chuma kinachopotea

Cheni ni meno, na meno yanaisha. Likibaki kama milimita 4 hivi kutoka mwisho wa bapa la juu, au likifika kwenye ile alama ya kikomo, cheni imemaliza kazi.

Tupa ya aina yoyote inakula kidogo, mipigo miwili mitatu kwa jino inatosha kama unanoa mapema. Hapa mkono mtupu na fremu na mbili kwa moja ziko sawasawa kwenye meno. Grinda ikitumiwa na mtu anayejua inaweza kula kidogo vilevile, lakini nyingi hazitumiwi hivo, na kuna hili la kulinganisha, jino moja likigonga msumari na kupoteza kona basi grinda iliyopangwa kwa jino hilo itayafupisha yote yalingane nalo. Wakati mwingine ni sahihi. Wakati mwingine ni heri jino hilo moja libaki na kasoro, uendelee kulinoa pamoja na mengine hadi yamfikie.

Mahali na muda

Hapa sio mashindano. Tupa ya mkono mtupu inakaa mfukoni, unaifuta, unapiga cheni ikiwa kwenye baa wakati unajaza mafuta, breki ya cheni imefungwa, baa imebanwa kwenye jiliwa au kile kijiliwa cha kugongea kwenye kisiki. Wengi wazoefu wanafanya hivo kila wanapojaza tenki, mipigo miwili kila jino, na cheni yao haijawahi kuwa butu kiasi cha kuhitaji kazi kubwa. Fremu na mbili kwa moja zinafanyika porini vilevile ila mbili kwa moja ni kubwa kidogo na inataka mahali pa kusimama vizuri, jigi ya kwenye baa ina vifungo vya kupotea kwenye majani.

Grinda haitoki mezani. Inataka umeme, cheni itoke, isafishwe mana mafuta na uchafu vinajaza jiwe, inolewe, irudi, ivutwe. Kwa cheni moja tupa inamaliza kabla grinda haijaanza. Kwa cheni nyingi zilizorundikana hesabu inageuka, pale grinda ndo inaokoa siku.

Usalama kidogo, injini imezimwa, ya umeme plagi imetoka, ya betri betri imetoka, glavu mkononi mana jino lililotoka kunolewa haliulizi, na kwenye grinda miwani lazima.

Kujifunza na gharama

Mkono mtupu ndo rahisi kununua na mgumu kujifunza. Sio mgumu sana lakini cheni ya kwanza au ya pili itakuwa ya shule. Unasukuma tu, hukwaruzi ukirudi, unainyanyua tupa, unaanzia ndani ya jino kwenda nje, unamaliza upande mmoja wote alafu unageuka. Ukipaka meno wino wa maka peni kabla ya kuanza utaona tupa inagusa wapi na haigusi wapi, hii inafundisha haraka kuliko maneno.

Fremu inaongeza gharama kidogo na inakata muda wa kujifunza sana. Mbili kwa moja iko juu ya hapo, na kila pichi inataka ya kwake, kwahiyo kama una mashine tatu za pichi tatu unanunua tatu, na tupa zake zikiisha unabadilisha za mviringo na bapa. Grinda ni hela kubwa ukilinganisha na hizo zote, ya bei ya chini kabisa zina kitako kinachoyumba na pembe inayohama, mimi kati ya grinda legelege na tupa ya mkono mtupu nachukua tupa bila kufikiri.

Tupa zenyewe zinaisha. Watu wanasukuma tupa iliyokufa miezi alafu wanasema kunoa kwa mkono hakufanyi kazi. Ikianza kuteleza badala ya kuuma itupe. Usiipake mafuta, isugue kwa brashi ya waya, zungusha kidogo kila baada ya meno kadhaa isilike upande mmoja, na usiiweke kwenye boksi moja na spana ikagongana nazo.

Sasa wewe uko wapi

Unakata kila siku, uko mbali na umeme, chenso ndo mkate wako: tupa ya mkono mtupu au na bati, kila tenki, na kipimo cha nundu kwenye begi. Hata kama una grinda nyumbani hii huwezi kuikwepa.

Unakata mara chache kwa mwaka, kuni za nyumbani au mti ulioanguka, na hutaki somo: mbili kwa moja ya pichi yako kama mashine ni moja. Kama ziko za pichi tofauti fremu itakutoka nafuu, ila usisahau nundu.

Unaanza na unataka kujua kazi vizuri: fremu ya roli. Itakuonyesha kimo na pembe sahihi vikoje, mkono utazoea, na baadaye ukitaka kuiacha utaiacha.

Meno yako ya kushoto na kulia yameshapishana urefu, mkato unapinda na baa haina tatizo: hapo tupa itakutesa, tafuta grinda yenye mtu mtulivu, au jigi ya kwenye baa, ulinganishe yote mara moja alafu urudi kwenye tupa ya kila siku. Hivohivo kama cheni imepita kwenye jiwe au msumari na meno mengi yameondoka kona. Na ukiletewa cheni kutoka grinda yenye meno ya bluu usihangaike kuisukuma kwa tupa, inatakiwa ipite tena kwenye grinda taratibu hadi ile bluu iishe, kama jino bado linabaki.

Una cheni nyingi, kikosi cha watu, au unanolea wengine: grinda nzuri, na jiwe la nundu liwe tayari pembeni sio kwenye boksi.

Unapasua mbao kwa urefu wa gogo na unataka digrii 10: jigi ya kwenye baa au grinda, kwa mkono mtupu kushika 10 meno yote ni kujitesa, na bati nyingi hazina mstari huo.

Unakata kwenye vumbi na mchanga, magogo yaliyoburutwa: njia yoyote ya tupa lakini badilisha aina ya cheni kwanza, ile yenye kona ya mviringo inavumilia uchafu kuliko yenye kona kali ya pembe mraba, utanoa mara chache zaidi. Na kama mtu amekuuzia cheni ya meno ya kabaidi kwa ajili hiyohiyo, weka tupa chini kabisa, haitaikwaruza hata kidogo, hiyo ni ya grinda yenye jiwe la almasi.